Ukitoka kwenye kundi la dini linalotawala kila kitu, unabakije na imani yako?

#1 Mtumbwi Mkavu (Kigoma)

Heshima kwenu wakuu. Naleta hoja, mnisahihishe bila matusi.

Huku kwetu, kuanzia Gungu mpaka Ujiji, mtu akitoka kwenye kundi la "baba amesema" huangukia pande mbili. Ama mwezi hauishi keshapata nabii mwingine mkali kuliko wa kwanza, ama anamwacha Mungu kabisa, hata chakula hakiombei tena. Waliotoka kundini wakabaki wanasali kwa utulivu wao ni wa kuhesabu.

Wengi husema mafundisho ndiyo yamemharibu. Mimi nasema ni ratiba. Chukua wiki ya kawaida ya kundi. Maombi saa 11 hadi 12 alfajiri kila siku, masaa 7. Ibada ya Jumatano jioni, masaa 2. Mkesha wa Ijumaa tangu saa 3 usiku hadi saa 11, masaa 8. Usafi wa madhabahu Jumamosi, masaa 3. Jumapili saa 2 asubuhi hadi saa 9 alasiri, masaa 7. Jumla masaa 27. Siku akitoka, hayo masaa 27 yanabaki matupu, na hakuna aliyewahi kumfundisha kusali bila kuitwa. Basi anajaribu kuyashika yote peke yake, wiki ya tatu anashindwa, anajiona ameasi. Hapo ndipo anapotafuta kengele nyingine.

Kinachosaidia ni kupunguza sana. Dakika 10 asubuhi, dakika 10 jioni. Zaburi moja, kimya kidogo, ombi moja kwa ajili ya mtu mwingine. Zaburi ziko 150, moja kwa siku ni miezi mitano, hakuna haraka. Aanze na ya 13: mistari sita tu, na inaanza kwa kulalamika. Kisha abadilishe vitu vitatu: saa, mahali na mkao. Kama kundi lilisali saa 11 kwa kupiga magoti na kupaza sauti, yeye akae mkekani saa 1, kimya. Mwili ukirudishwa kwenye mkao ule ule unarudi na hofu ile ile.

Nipingeni.

#2 Mgebuka Mkaango

Mkuu hesabu yako ina tobo. Mkesha unaisha saa 11, na hapo hapo ndipo maombi ya alfajiri ya Jumamosi. Kila kundi ninalolijua huyafuta siku hiyo, watu wanasinzia. Ni masaa 26.

#3 Mtumbwi Mkavu

Haya, 26. Umeniokolea saa moja ya mtu.

#4 Asali ya Sikonge (Tabora)

Mwangaluka wote. Namba 1 umeandika vizuri ila umeshika mkia. Ratiba inakufa kwa mwezi mmoja. Kinachoendelea kumla mtu miaka ni laana. Siku ya kuaga anaambiwa "utarudi hapa umebebwa", au "nyumba yako itazimika". Baada ya hapo kila homa ni ushahidi. Na mikoa yetu miwili, Kigoma na Tabora, lini imewahi kukosa malaria? Mtu anatoka kundini Februari, Machi mtoto anachemka, anasema nilijua.

Dawa yake ni karatasi. Chora mistari ya safu nne: nilichoambiwa, nani alisema, kitatokea lini, kimetokea? Safu ya tatu ndiyo inayofanya kazi yote, kwa sababu laana nyingi hazina tarehe. Laana isiyo na tarehe haiwezi kukosea, na kitu kisichoweza kukosea hakijawahi kupimwa. Kumbukumbu la Torati 18:22 inatoa kipimo: nabii akisema kwa jina la Bwana na jambo lisitukie, amesema kwa kujikinai, usimwogope. Neno la mwisho la mstari ndilo wasilolisoma.

Na kosa linalofanyika hapo: mtu anaogopa laana, anakwenda kwa mtumishi mwingine aivunje. Huyo anavunja kwa siku saba na sadaka ya ukombozi, na sasa mteja ana waganga wawili wenye suti.

#5 Kalamu ya Chaki

Ratiba na laana zote zimebebwa na kitu kimoja, maneno. Kundi huchukua maneno ya kawaida na kuyabadilishia mzigo. "Kufunikwa" maana yake kuomba ruhusa. "Kunyenyekea" maana yake usiulize hesabu. "Roho ya Kora", yule aliyempinga Musa, maana yake umeuliza hesabu. Mtu akitoka anabaki na msamiati ule ule, basi hata akisali peke yake anasali kwa kinywa cha kiongozi. Ndiyo maana wengine wanaamua kunyamaza moja kwa moja, halafu tunasema wamepoteza imani.

Njia ninayoielekeza kwa wanaoniuliza: daftari la mistari, kurasa mbili zinazotazamana. Kushoto andika mstari ulivyofundishwa. Kulia, baada ya kusoma sura nzima na sura iliyotangulia, andika nani anasema, anamwambia nani, kuhusu nini. Mistari miwili kwa wiki inatosha. Tumia tafsiri tofauti na ya kundi: kama walitumia Union, soma Habari Njema, kwa sababu ukisoma maneno yale yale unasikia sauti ya mhubiri badala ya maandishi.

Mfano ule maarufu, "Msiwaguse masihi wangu", Zaburi 105:15. Soma kuanzia mstari wa 8. Wanaozungumziwa ni akina Ibrahimu, Isaka na Yakobo, watu wachache, wageni, wakitangatanga toka taifa hadi taifa. Wanaokemewa ni wafalme. Yaani mstari unamlinda mnyonge asionewe na mwenye nguvu, na umegeuzwa ngao ya mwenye nguvu. Malaki 3, ile ya fungu la kumi, nayo usiianze katikati: tangu 1:6 hadi 2:9 makuhani ndio wanaochapwa. Na kwa aliyefukuzwa kwa kuuliza, kuna barua fupi sana, 3 Yohana, mistari ya 9 na 10: Diotrefe, apendaye kuwa wa kwanza, anawatoa watu katika kanisa. Haijawahi kuhubiriwa kwenye mkesha wowote.

#6 Mgebuka Mkaango

Mwalimu umetupa na kazi ya nyumbani.

#7 Bi Mkubwa wa Ujiji

Assalaam alaykum. Msijifanye ni ya Wakristo peke yenu, wanangu. Kwetu pia kuna darasa zinazoanza kwa tajwidi, kanuni za kuisoma Qurani, na kuishia kwa kijana kuambiwa asimsalimie baba yake mpaka baba afuge ndevu. Tariqa za zamani, njia za kisufi, hapa Ujiji na Tabora, Qadiriyya kwa mfano, zina baia (kiapo cha utii) na adabu zake na watu wameishi nazo kwa heshima. Sisemei hizo. Nasemea mtu aliyeapishwa "Wallahi sitatoka" na sheikh wa juzi.

Kwetu kinachomshika mtu si ratiba, maana swala tano hana wa kumnyang'anya, ziko pale pale. Kinachomshika ni kiapo. Na kiapo kikivunjwa kina njia yake, kafara, iko Suratul Maida aya ya 89: kulisha masikini kumi chakula cha wastani mnacholisha watu wenu, au kuwavisha, au kuacha huru mtumwa, asiyeweza, kufunga siku tatu.

Wanapokosea ni hapa. Mtu ana uwezo wa kulisha lakini anakimbilia kufunga kwa sababu ni rahisi kwake na haina gharama. Funga ni ya asiyepata. Kwa madhehebu ya Shafii ni kibaba kimoja cha nafaka inayoliwa mahali pale kwa kila masikini, vibaba kumi. Pishi ni vibaba vinne, kwa hiyo ni pishi mbili na nusu. Masikini wawe kumi kweli, si mmoja apewe mara kumi. Na asiwape wale wale wa darasa alilotoka, maana atakuwa ameenda kuaga upya.

#8 Fundi Karabai

Shukran bi mkubwa. Lakini kama kiapo chenyewe kilikuwa cha kukata undugu, si ni maasi? Nadhiri ya maasi haitekelezwi, sasa kafara ya nini?

#9 Bi Mkubwa wa Ujiji

Umegusa penye khitilafu. Nadhiri ya maasi haitekelezwi, hilo wote wamo. Kafara yake sasa: madhehebu ya Hanbali wanadai kafara ya kiapo, Shafii hawadai. Ila yeye alisema "Wallahi", na hicho ni kiapo, hakijawa nadhiri. Kiapo kikivunjwa kina kafara. Muulize kwanza alitamka nini, neno kwa neno. Wengi hawakutamka kitu, walinyoosha mkono tu wakaambiwa "umeshaapa".

#10 Kandambili

Mnazunguka sana. Mtu hutoka na kupata akili siku unabii unapofeli. Lile kundi la Kanungu kule Uganda walisubiri mwisho wa dunia 1999, haukuja, wakachomwa mwaka ule ule.

#11 Kalamu ya Chaki

Kandambili, mawili. Moto wa Kanungu ulikuwa tarehe 17 Machi 2000. Mwisho wa 1999 ndiyo tarehe waliyokuwa wametangaziwa. La pili linavunja hoja yako: unabii ulifeli, watu wakapewa tarehe mpya, na wengi walibaki. Marekani hivyo hivyo, wafuasi wa William Miller walisubiri tarehe 22 Oktoba 1844. Kukapambazuka. Wengine walikwenda zao, wengine wakakaa chini kuhesabu upya. Unabii kufeli hautoi watu peke yake. Aliyeuza shamba kwa ajili ya tarehe ndiye wa mwisho kukubali kwamba tarehe ilikuwa uongo.

#12 Kandambili

Nimekubali tarehe. Hoja sijaikubali.

#13 Nesi wa Zamu (Tabora)

Samahani nakatiza, mnazungumza roho na mwili umesahaulika. Baada ya Shakahola kule Kenya 2023, ambako miili zaidi ya 400 ya waumini walioambiwa wafunge mpaka kufa ilifukuliwa, naona watu wanajua kuogopa mfungo mrefu, lakini hawajui kuutoka.

Mtu aliyekaa siku 5 au zaidi karibu bila chakula, msimpokee kwa ugali na migebuka. Chakula kingi kwa ghafla kinashusha madini ya damu, moyo unaweza kusimama akiwa anashiba. Siku mbili za kwanza asizidi nusu ya anachokula kawaida, kigawanywe mara sita, uji mwepesi kwanza. Akiwa amepita siku 10, au miguu imevimba, au anachanganya maneno, au moyo unadunda ovyo, ni hospitali moja kwa moja, kabla ya kumpa chochote cha maana. Kule watampa vitamini B1 na kupima damu.

Dawa alizoachishwa: asirudie mabaki ya kopo la zamani. ARV, arudi kliniki yake na kadi, aseme ukweli ameacha kwa muda gani, hafukuzwi. TB vile vile, kwa sababu dozi iliyokatika hupangwa upya na wahudumu, yeye mwenyewe asijipangie. Presha, apimwe kwanza, asimeze vidonge vyote vya zamani siku moja.

Na niseme la upande wenu: usingizi. Mtu aliyekesha kila Ijumaa na kuamka saa 10 kila siku kwa miaka, akitoka anaona giza na kilio kisicho na sababu. Anasema Mungu ameniacha. Alale wiki mbili masaa 8 kwanza, ndipo tujue Mungu yuko wapi.

#14 Mtumbwi Mkavu

Dada nesi umenibeba kwenye ratiba bila kujua. Ubarikiwe.

#15 Karani wa Mtaa

Imani bila cheti cha kuzaliwa ni tabu, kwa hiyo niweke ya karatasi. Kabla ya kuaga (kabla, nimesema) chukua vyeti vyako kwa kisingizio chochote cha kweli: shule ya mtoto, NIDA, bima. Vikigomewa, nakala ya cheti cha kuzaliwa inaombwa RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, kupitia ofisi ya wilaya. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, maana kuna makundi ambako laini ya "huduma" iko kwa jina la mshirika. Badilisha namba ya siri ya pesa za simu siku hiyo hiyo.

Kundi la WhatsApp usitoke kwa hotuba. Nyamazisha arifa, hifadhi picha zako na namba za watu, subiri siku tatu, toka saa za mchana. Anayetoka usiku wa manane na ujumbe wa mistari arobaini anajibiwa na mistari mia nne.

Ndoa: kiongozi hawezi kuivunja kwa kutamka. Chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971 talaka hutolewa na mahakama, na kwanza mnapita baraza la usuluhishi. Mke aliyebaki kundini na mume aliyetoka bado ni mke na mume, hata madhabahu ikisema nini.

Shamba ulilolitoa kwa maneno tu halafu likajengwa: peleka Baraza la Ardhi la Kata, wataamua.

#16 Reli ya Kati

Karani hapo mwisho sahihisha. Tangu mabadiliko ya 2021 Baraza la Kata halihukumu tena, linasuluhisha tu. Lina siku 30. Likishindwa ndipo unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Watu wanaganda kata mwaka mzima wakisubiri hukumu ambayo haiwezi kutoka.

Niongeze: video za ushuhuda. Mtu alirekodiwa akiungama ukimwi au uzinzi, bado inazunguka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahesabu afya na imani kuwa taarifa nyeti. Andika barua ya kuomba iondolewe, taja video, tarehe na ukurasa, baki na nakala iliyopokelewa kwa saini. Wakikaa kimya, kuna Tume ya kulalamikia.

#17 Karani wa Mtaa

Kweli mkuu, nimekariri ya zamani. Asante.

#18 Chaki na Doti

Swali la kijinga. Nifanye nini na vile vitu? Mafuta, chumvi, kitambaa, stika ya mlangoni. Kuvitupa mkono unakataa.

#19 Asali ya Sikonge

Choma vyote. Matendo 19:19, Efeso walichoma vitabu vya uganga hadharani.

#20 Fundi Karabai

Usichome. Ukichoma kwa maombi na nyimbo umefanya ibada, na umekiri kwamba ndani ya kichupa kuna kitu cha kushindana nacho. Fanya jambo la kuchosha. Kishike kichupa mchana, kwenye mwanga. Ni cha mililita 100, kifuniko cheupe, stika ina picha ya mtumishi amenyoosha kidole. Kwangua kona ya stika kwa ukucha: mara nyingine chini yake kuna lebo ya kwanza, na unasoma kabisa ni mafuta gani na yanaisha lini. Nusa. Kama ni alizeti utaijua, imeshaanza kuvunda kwa joto la kabatini. Usiyale, hujui yamechanganywa na nini. Tia tone mbili kwenye bawaba ya mlango unaolia. Chumvi mwaga chooni. Kitambaa kifue kwa sabuni ya mche, kipangusie baiskeli.

#21 Asali ya Sikonge

Fundi, nakuachia bawaba, lakini sitakubali kwamba kuchoma ni kukiri. Kuna mtu asipoona moto haamini kimekwisha. Watu hawafanani.

#22 Nesi wa Zamu

Kama ni "maji ya uponyaji" ya rangi rangi, usimpe mtoto wala kuku.

#23 Dukani kwa Mangi Bandia

Hamjagusa hela. Anayetoka bado anadaiwa ahadi ya ujenzi, na fungu la kumi linamwasha mfukoni. Alipe wapi?

#24 Kalamu ya Chaki

Kuna vitu viwili, usivichanganye. Ahadi ya sadaka ni ahadi: 2 Wakorintho 9:7, kila mtu kama alivyokusudia moyoni, si kwa huzuni wala kwa lazima. Mkopo wa kikundi cha akiba ndani ya kanisa ni deni, ulipwe, hata kama mweka hazina anakuita Yuda. Soma katiba ya kikundi. Vingi vina mzunguko wa miezi 12, na anayetoka katikati hupewa hisa zake bila faida. Kama imebaki miezi miwili, vumilia ugawaji ufanyike, kisha utoke.

Fungu la kumi, kama dhamiri inataka kuendelea, kwa miezi sita lisiende kwa taasisi yoyote. Tia kwenye kopo lenye tundu. Kumbukumbu la Torati 14:28-29 inasema kila mwaka wa tatu zaka iliwekwa malangoni, ale Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Yaani kulikuwa na zaka inayoishia tumboni mwa mjane wa mtaa wako. Anayeanza kutoa hivyo hugundua tofauti: anajua hela imekula nini. Wazazi nao, soma Marko 7:11-13 kuhusu Korbani, mtu anayewanyima baba na mama kwa kusema nimetoa wakfu. Ukimnunulia mama gunia la mahindi hujaiba madhabahuni.

#25 Mgebuka Mkaango

Gunia kwa bei gani sasa hivi? Niulizie Kasulu.

#26 Kasulu Baridi

Mwakeye. Mahindi subiri mavuno, acha pupa.

Nina hoja ya tano, kaeni sawa. Kote mlikopita, ratiba, laana, maneno, kiapo, hamkutaja kuimba. Mtu aliyekuwa besi kwenye kwaya miaka minane hajawahi kusali peke yake, amesali akiwa robo ya sauti. Toa soprano, alto na tenor, mpe besi aimbe sebuleni: wimbo haupo. Ni kama anaguna. Anasema upako umeondoka, kumbe zimeondoka sauti tatu.

Basi atafute watu watatu tu. Hata majirani wa madhehebu tofauti. Waimbe nyimbo za vitabu vya zamani ambazo kila dhehebu linazo, wasiimbe zilizotungwa na kundi, maana zile zina jina la mtumishi kwenye ubeti wa pili. Nusu saa kwa wiki. Na wakubaliane mapema hakuna kuhubiri. Mahubiri yakiingia, wiki ya sita mmoja anaanza kuota ndoto kwa niaba ya wenzake, na umezaa kundi lingine sebuleni kwako.

La pili, lugha. Mwalimu namba 5 anasema abadilishe tafsiri. Mimi nasema ahame lugha kabisa. Kundi lilimkemea kwa Kiswahili, halikuwahi kumkemea kwa Kiha. "Imana" haina doa la mtumishi. Bibi zetu walisali kwa sentensi moja wakiwa wanafungua banda la kuku.

#27 Asali ya Sikonge

Wanyamwezi nao wana Likube na Limatunda, ila ukimwambia mlokole wa Tabora asali kwa Limatunda atakukemea na wewe.

#28 Kasulu Baridi

Hapo shida ni ya mlokole, si ya Limatunda.

#29 Kalamu ya Chaki

Kasulu, kuhama lugha kuna hatari yake. Usipoyachambua yale maneno ya Kiswahili yanakusubiri: redio ya jirani, msibani, kwenye daladala. Lakini kama pa kupumzikia, sawa.

#30 Reli ya Kati

Na anayetaka kurudi kanisani? Si wote wataweza kopo na mkeka.

#31 Mtumbwi Mkavu

Aende, ila akae benchi la nyuma miezi sita, asijaze fomu, asijiunge kitengo. Katika hiyo miezi aangalie mambo haya. Mapato na matumizi yanasomwa hadharani, kwa tarakimu? Nani anaweza kumwondoa mchungaji, na kuna kikao au ni "Mungu mwenyewe"? Limesajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya, chini ya Mambo ya Ndani, au linapanga ukumbi tu? Akikosa Jumapili tatu, anayekuja kumwona anauliza "unaumwa?" au "umeasi?" Hilo la mwisho linashinda yote, nalo halihitaji karatasi.

Huko Tabora mna makanisa ya zamani, Wamoravian wako Urambo tangu 1898.

#32 Asali ya Sikonge

Walikipokea kituo kutoka London Missionary Society, hawakuanza wao. Na usidanganyike na uzee wa paa. Kanisa la miaka mia linaweza kuwa na mzee mmoja wa mtaa anayewatesa watu vizuri tu. Usajili nao haupimi tabia.

#33 Reli ya Kati

Kweli. Waliosajiliwa na bado wanashika vyeti vya watu wapo.

#34 Chaki na Doti

Nimesoma yote, asanteni. Moja la mwisho. Ndugu waliobaki kundini wakija nyumbani kushawishi, unasemaje bila ugomvi?

#35 Bi Mkubwa wa Ujiji

Wakaribishe, mwanangu. Wape chai. Wakianza, sema sentensi moja na usiibadilishe: "Sijambo, nasali, sitarudi, ongeza sukari." Wakikujia na aya, usitoe aya. Anayetoa aya amekubali kesi isikilizwe. Wakija na viongozi badala ya ndugu, ongea nao mlangoni, na jirani awe anasikia.

#36 Chaki na Doti

Na usiku? Ile ya kushtuka saa 9 usiku kana kwamba nimechelewa maombi?

#37 Nesi wa Zamu

Usibaki kitandani unapigana nayo. Inuka, kunywa maji, usiwashe simu. Kwa wengi inapungua taratibu, usihesabu siku. Ikizidi, ikija na jasho na kifua kubana kila usiku, nenda kliniki ya afya ya akili, si aibu.

#38 Kasulu Baridi

Sentensi moja ya Kiha, rudi kulala.

#39 Mtumbwi Mkavu

Kama uko upande wa Kibirizi, toka nje uangalie ziwani. Saa 9 watu wa dagaa wako kazini na taa zao, macho makavu, na hakuna anayewakemea kwa kukosa mkesha. Hesabu taa mpaka usingizi urudi.

#40 Mgebuka Mkaango

Mwezi ukiwa mkali hawaingii, mkuu. Hakuna taa hata moja.

#41 Mtumbwi Mkavu

Basi ahesabu yale masaa 26.

#42 Kandambili

27. Kundi letu la zamani halikufuta ya Jumamosi.